Aliyenilipia ada ndiye naambiwa nimwandikie barua

*Barua hii imetoka Tabora. Jina la mwandishi na la chuo tumeyaondoa kwa ombi lake.*

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 42, nimeolewa, nina watoto wawili, na ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja. Tangu mwaka juzi mimi ndiye mkuu wa idara. Cheo sikukiomba. Kilizunguka mezani, wenzangu wakakikwepa mmoja mmoja, kikanikuta mimi. Idara yetu ni ndogo, tuko saba tu, na katika hao saba yumo mmoja ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Nitamwita Mzee.

Mzee alinifundisha, lakini si darasani tu. Kwetu ni Kasulu. Baba yangu alifariki nikiwa mwaka wa pili, na kaka zangu wakaamua nirudi nyumbani kwa kuwa ada haikuwepo. Mzee alisikia habari hizo kwa wenzangu. Hakuniita wala kuniuliza, nilikwenda ofisi ya mhasibu kuaga nikaambiwa nusu ya ada imeshalipwa. Likizo nilikuwa nalala kwake, Cheyo, na mkewe mpaka leo ananiita mwanangu. Nilipoolewa, yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba siku ya mahari. Nilipoajiriwa nilimpelekea ile hela kwenye bahasha, akairudisha mezani, akaniambia, "Mlipie mtoto mwingine."

Sasa sikiliza. Mwaka mmoja na nusu umepita huyu mtu si yule niliyemjua. Vipindi vyake vya jioni, vile vya saa kumi na moja mpaka saa moja, anavikosa mara mbili kati ya tatu. Vya asubuhi anakuja, lakini amechelewa. Alikuwa mtu wa chaki, ubao unajaa mpaka anaomba wanafunzi wafute upande mmoja aendelee. Siku hizi haandiki kitu, anakaa kitini anasimulia. Skripti za mitihani zinalala ofisini kwake, halafu anamtupia mkufunzi msaidizi wetu, kijana ambaye naye ana mzigo wake. Alama haingizi kwenye mfumo mpaka mtu aende kumkalia.

Muhula uliopita wanafunzi 64 wa somo lake walipata matokeo wiki tano baada ya wenzao. Mmoja wao, binti wa Kaliua, alikuja ofisini kwangu. Bila matokeo jina lake halikwenda Bodi ya Mikopo pamoja na ya wenzake, fedha haikuingia, na mwenye nyumba kule Kiloleni alikuwa amemtolea godoro nje. Nilimpa elfu thelathini. Alipotoka nikafunga mlango nikalia.

Nikafanya nilichoona ndicho. Skripti zilizobaki nikazibeba nyumbani, nikasahihisha usiku nne, nikaingiza alama mwenyewe. Tathmini yake ya mwaka ilipofika nikamjazia fomu: utendaji mzuri sana, nikatia sahihi. Nilijiambia ninamrudishia fadhila.

Kinachoniumiza ni dharau. Nilimwandikia ujumbe mfupi wa kumkumbusha vipindi, nikampa mkononi kwenye korido. Akaukunja bila hata kuutupia jicho: "Nitausoma nyumbani, mwanangu." Yule kijana amesimama pale anatuangalia. Siku nyingine, giza linaanza kuingia, tulipishana nje ya jengo la utawala. Nilisimama nimwamkie, akapita kama mtu asiyenijua. Nilipomwita, akaniitikia kwa jina la mwenzangu. Watu wanasema akili yake iko Sikonge, ana mizinga ya nyuki huko, na kweli Ijumaa huwa haonekani.

Wiki iliyopita mkuu wa kitivo aliniita. "Wewe ndiye msimamizi wake wa kwanza," akasema. Anataka barua ya kujieleza itoke kabla ya mwisho wa mwezi, na taarifa yangu ya utendaji iambatane nayo, "tuipeleke kamati ya nidhamu." Nikueleze pia kwamba hao wawili hawaongei tangu walipogongana kikaoni kuhusu mgawanyo wa posho za kusimamia mitihani. Nahisi nafanywa mpini wa shoka la mtu mwingine. Mzee amebakiza miaka miwili astaafu, na nasikia akifukuzwa mafao yanapotea.

Mume wangu anasema kazi ni kazi. Mama yangu, kwa simu kutoka Kasulu, amesema mtu aliyekulipia ada humwandikii barua, unampikia. Mimi nimefikiria nijiuzulu ukuu wa idara ili mwingine aiandike. Au nimfuate nimwombe astaafu mapema, kimya kimya, tusifike huko.

Shangazi, nifanye nini?

Mwanafunzi wake, Tabora

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, siku mbili tofauti, na siku ya pili ilikuwa kama barua nyingine. Nitakueleza kwa nini. Kabla ya safu hii nilikuwa afisa utumishi miaka mingi, mezani pangu zikipita barua kama hiyo unayotakiwa kuiandika. Kwa hiyo nitaongea nawe kwa midomo miwili, wa shangazi na wa masjala, nawe utavumilia nikichanganya.

Unavyoliona wewe, uko kati ya mambo mawili. Ukiandika, umemsaliti baba. Usipoandika, wanafunzi 64 wataendelea kulipia hisani uliyotendewa wewe. Na nyuma ya barua yenyewe umemwona mkuu wa kitivo na kisasi chake. Ni mzigo kweli, na sishangai ulifunga mlango ukalia.

Lakini turudi kwenye korido.

Mara ya kwanza nilisoma habari za korido kama ulivyozisoma wewe, nikakasirika kwa niaba yako. Mara ya pili nikajiuliza: mtu anayedharau ujumbe si angeusoma, akaguna, akauacha mezani uuone? Huyu aliukunja haraka aende kuusoma nyumbani, kwenye taa yake, labda na mke wake pembeni. Vipindi anavyokosa ni vya jioni. Aliyependa ubao ameuacha ubao. Skripti, yaani miandiko midogo ya watoto, zinamshinda, na mfumo wa alama, ambao ni vijisanduku kwenye kioo cha kompyuta, mpaka mtu amkalie. Kwenye giza la kuingia alikupita, na ulipomwita akakisia sauti, akakosea jina. Haya yote umeyaandika wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na yote umeyatia kwenye kapu la dharau.

Sisemi haoni. Mimi si daktari na huyo mzee sijapata kumwona. Inawezekana macho yake ni mazima na akili iko kwenye nyuki kama watu wanavyosema. Inawezekana ni sikio, au jambo la nyumbani, au amechoka tu, maana walimu nao huchoka. Ila mtu wa umri wake akianza kukwepa giza na karatasi, nami nikiwa jirani yake, ningefikiria mtoto wa jicho, au presha ya macho, au kisukari kinachokula macho polepole, kabla sijafikiria asali. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Presha ya macho haisubiri, kilichopotea hakirudi. Kama ni mojawapo ya haya, kila muhula unaomfichia unamgharimu yeye kuliko mtu yeyote.

Na hapo ndipo ninapotaka kukuuliza kwa upole. Barua yako ni ndefu. Umeniambia mkuu wa kitivo amesema nini, mume wako, mama yako, watu wa Sikonge. Sikuona mahali ulipomuuliza Mzee: "Baba, una nini?" Umemwandikia, umemsahihishia, umemjazia fomu, umemlilia. Kumuuliza bado.

Naelewa kwa nini. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha baba yako unaanzaje kumuuliza kwa nini hafanyi kazi? Ungemwuliza mwenzako wa rika lako siku ya kwanza. Heshima ndiyo iliyokufunga mdomo, na mdomo ulipofungwa, korido ikaanza kumsemea.

Sasa masjala. Umesema mkuu wa kitivo anataka barua ya kujieleza, na kwa pumzi hiyohiyo ameitaja kamati ya nidhamu. Hapo mimi ningeinua kichwa. Barua ya kujieleza ni swali. Mtu anaulizwa, anapewa muda, anajibu, na jibu lake linaweza kumaliza jambo palepale. Kamati ikishatajwa kabla jibu halijaandikwa, hiyo si barua ya kujieleza tena. Haina maana kwamba mkuu wa kitivo ni mtu mbaya. Inawezekana na yeye amebanwa na matokeo yaliyochelewa, na wiki tano si jambo dogo. Kisasi unakihisi, huna ushahidi nacho, na ukikiegemea sana utashindwa kuona kwamba katika malalamiko yake kuna kweli.

Hujaniambia chuo chenu ni cha serikali au cha binafsi. Kwa vile umetaja fomu ya tathmini nimekisia ni cha binafsi, maana serikalini OPRAS, ile tathmini ya makaratasi iliyoanza 2004, imeshaipisha PEPMIS, tathmini ya kompyuta, na kila kitu kinajazwa kwenye mfumo. Kama ni cha serikali, mnaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na kanuni zake, na afisa utumishi wenu ndiye wa kumwona kwanza. Kama ni cha binafsi, mna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na zile Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la 2007. Hizo nazijua kama jikoni kwangu.

Kanuni hizo hazichanganyi mambo matatu ambayo ofisi nyingi huyachanganya. Kuna utovu wa nidhamu. Kuna utendaji ulioshuka. Na kuna mtu kushindwa kazi kwa sababu ya ugonjwa au maumbile. Kila moja ina njia yake. Kwenye utendaji, mwajiri anatakiwa achunguze kwa nini umeshuka, amwelekeze mtu, ampe muda wa kujirekebisha na amwonye kabla ya kufikiria kumwachisha. Kwenye ugonjwa anatakiwa aangalie chanzo chake, ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa ili mtu aimudu. Njia ya nidhamu ndiyo yenye kamati: mtu anapewa tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na haki ya kwenda na mwenzake wa kazi au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, awe wa THTU au RAAWU au chama chochote mlicho nacho hapo. Sasa niambie, mzee asiyesoma skripti kwa sababu hazioni unampeleka njia ipi? Na asiyezisoma kwa sababu yuko kwenye mizinga? Kwa nje wanafanana. Ndiyo maana swali lile la kwanza haliepukiki, hata kwa mtu asiye na huruma yoyote.

Ugonjwa nao una likizo yake. Kwa sheria hiyo ya 2004 mfanyakazi ana siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Mzee anaweza kuwa anakosa vipindi ambavyo kwa haki angekuwa nyumbani anatibiwa, na darasa likapewa mwalimu mwingine kwa utaratibu unaojulikana, si kwa mkufunzi msaidizi kutupiwa mzigo gizani. Yule kijana, kwa njia, umemtaja mara mbili na hujasema neno lolote juu ya hali yake. Naye ni mtu wa idara yako.

Njia ulizofikiria ni mbili. Kujiuzulu ukuu wa idara kutakutoa wewe kwenye picha, lakini Mzee atabaki, na atakayeandika barua hatakuwa na sababu ya kumuuliza lolote. Inawezekana kabisa akaiandika mkuu wa kitivo mwenyewe. Sikukatazi. Kuna watu afya yao imeokolewa na kuachia cheo. Lakini kuna kitu cha katikati: kumwandikia mkuu wa kitivo kwamba huyu mtu kwako ni mzazi, alikaa kwenye mahari yako, na kwa hiyo ungependa tathmini yake isimamiwe na wewe pamoja na mtu mwingine. Hatari yake ni kwamba utakuwa umempa silaha ya kusema unaegemea upande. Faida yake ni kwamba utakuwa umeisema wewe kabla hajaisema yeye.

Hili la kumwomba astaafu mapema kimya kimya ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, ingawa najua limetoka kwenye upendo. Utamwendea mzee ambaye huenda anaficha ugonjwa, umwambie aondoke kabla hujamuuliza anaumwa nini. Atasikia anafukuzwa na mtoto wake. Na hili la mafao usilibebe kwa kusikia. Iko mifuko ya hifadhi ya jamii, PSSSF na NSSF, kila mmoja una ofisi na watu wa kujibu maswali. Kwanza ujue yeye ni mwanachama wa upi.

Ningekuwa mimi, ningekwenda Cheyo Jumamosi. Asubuhi, kuna mwanga. Ningekwenda kama binti, nimebeba kitu mkononi, bila barua wala karatasi yoyote kwenye mkoba. Usimtege kwa kumpa kitu asome, atajua, na hatakusamehe. Mama yako amesema umpikie, na nadhani katika hilo hajakosea sana. Akishakula unamweleza ukweli: baba, nimeagizwa nikuandikie, na kabla sijaandika nataka nikusikie. Mkewe usianze naye. Unaweza kuwa unamvua nguo mzee mbele ya mke wake, au mke anajua na ameapishwa asiseme.

Hatari zipo. Anaweza kukasirika akakuambia mambo ya ofisi yaishie ofisini. Mkuu wa kitivo anaweza kusema umevujisha. Kwa hilo la pili, mwambie mkuu wako mapema kwamba utazungumza na mhusika kabla ya barua. Ni wajibu wa msimamizi, na huna cha kuficha. Na anaweza kukuambia siri halafu akuapishe. Hapo ndipo pagumu, maana ukiijua siri hutaweza kurudi kwenye kutojua, na ruhusa ya kuisema ofisini anayo yeye peke yake. Unaweza kumwomba ruhusa hiyo. Unaweza kumsindikiza hospitali ya Kitete. Kumsemea huwezi.

Kama atanyamaza, au kama ni nyuki kweli, barua bado ipo na itaandikwa. Lakini atakuwa ameisikia kwako kwanza, hakuipokea kwa mhudumu mwenye daftari la dispachi mlangoni. Siku hiyo andika unachokijua tu: vipindi vya tarehe fulani, skripti idadi fulani, wiki tano. Uvivu na dharau viache nje. Mizinga pia, hujaiona.

Umeninukulia maneno yake ya bahasha, kwamba umlipie mtoto mwingine. Sijui kama wakati unayaandika uliyasikia. Ulipokaa usiku nne ukisahihisha ulikuwa unamlipa yeye, wakati yeye alikataa kulipwa. Yule binti wa Kaliua mwenye godoro nje, huyo ndiye mtoto mwingine, na matokeo yake ya muhula huu yako mikononi mwenu wawili, wewe na Mzee.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Fomu ya mwaka jana uliyoandika "mzuri sana" iko kwenye jalada lake na sahihi ni yako. Kesho ukiandika kwamba utendaji umeshuka mwaka mmoja na nusu, mtu wa kwanza kuulizwa maswali ni wewe, na Mzee akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA, karatasi hiyo itakuwa juu ya meza. Kuisahihisha kwa hiari, kwa barua fupi kwa mkuu wa kitivo, kunaweza kukuletea onyo. Kuiacha kunaweza kukuletea makubwa zaidi, au pengine yasitokee kabisa, siwezi kukuhakikishia. Nakala yako unayo? Kama huna, anza nayo hiyo Jumatatu, halafu uniandikie mlizungumza nini Cheyo.